Naomba ushauri: Cadillac Brougham ya 1990 yenye maili 18,412, tuiuzeje bila kupunjwa?

Mpangani (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa 14 sasa, na naandika kwa niaba ya mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa hapa na ndiye mwenye mali ninayoiombea ushauri. Baba mkwe wangu alifariki dunia mwezi Machi, na katika vitu alivyoacha limo gari ambalo nililikuta limefunikwa shuka bandani siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha ukweni, na ambalo katika miaka yote hiyo nimelipanda mara tatu tu. Ni Cadillac Brougham ya mwaka 1990, milango minne, rangi ya bluu iliyokolea, paa lililovikwa vinaili ya rangi hiyohiyo, na viti vya kitambaa cha mahameli vilivyotuna kama mito ya sebuleni. Mita inasoma maili 18,412, yaani karibu kilomita 29,600 tangu litoke kiwandani.

Mzee alilinunua jipya kwa ajili ya mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona. Mama alipofariki miaka minne baadaye, mzee aliendelea na gari lake dogo la kwendea kazini, na hili akawa analitoa siku ya Pasaka, siku ya kulipeleka kubadilishwa oili, na siku mojamoja za kiangazi. Kila alipoweka petroli aliandika katika daftari dogo lenye jalada jekundu ambalo bado limo kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria: tarehe, maili, galoni na bei, kwa mwandiko uleule uliokuwa ukipungua nguvu kadiri kurasa zinavyosogea.

Kwa wasiolijua gari hili, nililipima kwa utepe nikapata sentimita 561. Ni Toyota Vitz moja na nusu na nafasi ya kupita mtu mwembamba. Ukiushusha mfuniko wa buti taratibu, mota ndogo huupokea na kuuvuta mpaka ujifunge wenyewe, na mikanda ya usalama ya mbele imefungwa kwenye milango, jambo linalonichanganya mpaka leo.

Hali yake nisiifiche. Rangi ni ya kiwandani, ila upo mkwaruzo wa urefu wa kalamu kwenye mlango wa nyuma kushoto. Kitambaa cha dari kimeanza kushuka. Kiyoyozi kinatoa upepo wa kawaida usio na ubaridi. Zile plastiki zinazoziba nafasi kati ya bampa na bodi zimechoka: wiki iliyopita nilikuwa napangusa vumbi upande wa nyuma kulia, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikabaki mkononi, kikavu na chepesi, kikavunjika kama chipsi za muhogo. Mke wangu alinitazama, akaniambia nisiguse tena kitu chochote. Injini iliwashwa mara ya mwisho na mzee mwenyewe mwezi Novemba.

Sasa kila mtu ana lake. Mfanyabiashara mmoja wa magari alikuja, akalizunguka kwa dakika kumi, akataja dola 5,500 taslimu na kututaka tuamue kabla hajaondoka. Jirani anaapa kwamba ameliona la namna hii mtandaoni kwa dola 40,000. Binamu wa mke wangu anataka lipakwe rangi upya kwanza ndipo lionekane la thamani, na mdogo wangu aliyeko Tanga, nilipomtumia picha, alijibu kwa neno moja: harusi. Anataka nilipakie kwenye kontena awe analikodisha kubebea maharusi. Naomba mnisaidie kujua bei ya haki hupatikanaje, nini kifanyiwe ukarabati na nini kiachwe, na mtu asiyejua mambo haya auzie wapi. Hatuna shida ya fedha ya leo wala kesho, ila banda linahitajika kabla ya majira ya baridi kwa kuwa nyumba ya mzee nayo inauzwa.

Chuma Chakavu

Poleni sana kwa msiba, ndugu Mpangani, Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee mahali pema. Nitasema jambo ambalo huenda lisipendeze. Hiyo si Cadillac ya 1959 yenye mapezi ya nyuma kama ya samaki, ambayo watu hutundika picha yake ukutani. Brougham nyingi za 1990 zina injini ya Oldsmobile ya lita 5.0, silinda nane, yenye kabureta na nguvu za farasi 140, inayovuta gari la karibu tani 2. Ukikanyaga mafuta, inafikiri kwanza. Gari hilo halikuwa adimu lilipouzwa jipya, na wazee wengi waliyatunza vizuri. Dola 5,500 za mkononi si haba ukizilinganisha na mwaka mzima wa bima, wapigaji simu na ubishi wa kifamilia.

Fundi wa Boneti

Poleni kwa kufiwa. Mimi nimefanya kazi ya ufundi katika vitongoji vya Detroit kwa miaka 22, na magari ya aina hii yamepita mikononi mwangu mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Namheshimu Chuma Chakavu, lakini amelihukumu gari kabla ya kusoma namba yake. Mpangani, simama nje upande wa dereva, tazama chini ya kioo cha mbele, utaona kibati chenye herufi na tarakimu 17. Hesabu mpaka ya nane. Ikiwa ni herufi Y, ndiyo hiyo injini ya Oldsmobile anayoisema. Ikiwa ni tarakimu 7, unayo injini ya Chevrolet ya lita 5.7 yenye mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta, iliyokuja kwa walioagiza vifaa vya kukokota trela, na hapo mtu yeyote aliyekutajia dola 5,500 alikuwa anajua anachokifanya.

Hata ikiwa ni Y, gari lina wapenzi wake, na inafaa ujue ni akina nani na kwa nini. Mwaka 1985 Cadillac ilipunguza magari yake makubwa ya kawaida na kuyageuza yavutwe na magurudumu ya mbele, na wateja wengi wa zamani hawakuyapenda. Hili halikuguswa. Liliendelea juu ya fremu ya chuma ya muundo wa 1977, likisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa jina la Fleetwood Brougham mpaka 1986 kisha Brougham tu mpaka 1992. Lililofuata baada yake lilikomeshwa mwaka 1996, na kiwanda kilichokuwa kikilitengeneza, cha Arlington, Texas, kikageuzwa kuwa cha magari makubwa ya mizigo na ya familia. Kwa hiyo anayelitaka leo hatafuti mwendo wala ujana. Anatafuta ule upole wa kuelea barabarani ambao hautengenezwi tena, na mara nyingi baba yake alikuwa nalo. Mnunuzi wa namna hiyo hapendi gari lililopambwa upya. Binamu wa shemeji asogee mbali na bomba la rangi. Rangi ya kiwandani yenye mkwaruzo ina heshima kuliko rangi mpya inayomfanya mnunuzi ajiulize chini yake kumefichwa nini.

Sasa la muhimu kuliko yote: usiliwashe. Petroli iliyokaa tangu Novemba, tena ya siku hizi iliyochanganywa na ethanoli, imeanza kuharibika. Fungua kifuniko cha tenki unuse. Ukipata harufu ya vanishi ya fanicha, mwite fundi aimwage yote, abadilishe kichujio na mipira ya mafuta, kisha ndipo azungumzie ufunguo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limelala, kwa hiyo yabadilishwe, na mipira ya breki ikaguliwe kwa kuikunja, kwa sababu hupasuka kwa ndani kwanza. Katika injini ya Oldsmobile kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: gia ya juu inayozungushwa na cheni ya taimingi ina meno yaliyofunikwa nailoni, na nailoni hiyo hukauka na kumeguka, vipande vikaangukia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba mdomo wa pampu ya oili. Gia hiyo haihesabu maili, inahesabu miaka. Ukiibadilisha na kubaki na risiti, umemwondolea mnunuzi mjuzi hofu yake kubwa. Ukiona gharama ni kubwa, usiibadilishe, ila useme wazi kwamba ni ya asili.

Matairi yasome ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka; 1408 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2008. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno yote na bado likapasuka kwenye barabara kuu. Kiyoyozi kiache. Mfumo wake ni wa gesi ya R-12, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995, na sheria inataka mwenye cheti ndiye aiguse. Wapo wanunuzi wanaotaka mfumo ubaki wa asili na wapo wanaotaka ugeuzwe utumie gesi mpya, basi mwachie mnunuzi achague. Plastiki za bampa ndiyo kilio cha kila Cadillac ya miaka hiyo, na mpya hutengenezwa na watu wa pembeni. Nunua seti, usiipake rangi wala kuifunga, iweke kwenye buti ndani ya boksi lake. Mnunuzi akiifungua atafurahi kama mtoto. Dari pekee ndilo ningelirudishia kitambaa, maana dari linaloning'inia huharibu kila picha.

Halafu, kama vifuniko vya magurudumu ni vile vya nyaya, vina kufuli. Tafuteni mahali mzee alipokuwa anaweka ufunguo wake. Bila huo huwezi hata kubadilisha tairi.

Karani wa Bandari

Nipo Mombasa, nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mdogo wako wa Tanga asikukasirikie, lakini kwa upande wa Kenya mlango umefungwa mara mbili: gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Hilo lina miaka zaidi ya 30 na usukani uko kushoto. Tanzania haina zuio la umri la namna hiyo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa kawaida na kodi ya ongezeko la thamani. Ukijumlisha nauli ya meli ya kitu chenye urefu wa sentimita 561, utakuwa umemnunulia mdogo wako gari jingine. Halafu kabureta ile ikileta ukorofi pale Chumbageni, Tanga, siku ya harusi, bwana harusi atalisukuma na suti yake.

Mama Wawili

Shemeji Mpangani, mpe pole mke wako, tena umpe kwa niaba ya wanawake wote tuliowahi kufungua kabati la mzazi aliyeondoka. Mimi niko Michigan, na miaka michache iliyopita mume wangu na mimi tuliuza Lincoln Town Car ya 1988 iliyokuwa ya shangazi yake, yenye maili 31,000. Nitasema kosa letu ili lisiwe lenu.

Tuliposafisha nyumba ya shangazi tulitupa mfuko mzima wa karatasi. Risiti za gereji, vyeti vya bima, barua za kuitwa kwenye ukaguzi, vyote tuliviona takataka. Mnunuzi wa kwanza makini alipokuja, alilitazama gari kwa upole sana, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaukagua mpira wa pedali ya breki, kisha akaniuliza swali moja tu: nitajuaje kwamba ni 31,000? Sikuwa na jibu. Nilimwambia shangazi alikuwa mtu wa kanisani. Akacheka, nami nikacheka, akapunguza dola 3,000, nasi tukakubali kwa sababu alikuwa na haki.

Nataka mlielewe hili vizuri. Kwa sheria ya nchi nzima ya hapa, muuzaji wa gari la mwaka wa modeli 2010 au wa nyuma yake hadaiwi tena tamko la maili, kwa hiyo hati ya umiliki, yaani kadi ya gari kama tunavyosema nyumbani, inaweza kuandikwa tu kwamba gari limesamehewa. Serikali haitawasaidia kuthibitisha hata maili moja. Na kila mtu anajua kwamba kurudisha mita nyuma ni ufundi wa zamani kama magari yenyewe. Kwa hiyo thamani ya zile 18,412 haimo kwenye mita, imo kwenye lile daftari jekundu. Picha za kurasa zake zote, zikifuatana tarehe kwa tarehe, pamoja na stika za kubadilisha oili zinazobandikwa kwenye ukingo wa mlango au pembe ya kioo, pamoja na risiti yoyote iliyotaja maili, ndizo zitakazofanya watu washindane. Tafuteni pia karatasi ya bei iliyobandikwa dirishani gari likiwa jipya. Sheria ilidai kila gari jipya liwe nayo tangu 1958, na wazee wa namna ya baba mkwe wako hawakuitupa.

Kuhusu bei, msiangalie kamwe bei ambazo watu wanaomba. Jirani yako ameliona la dola 40,000, lakini hajaliona likinunuliwa. Ingieni kwenye minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer, mtafute Brougham za 1990 mpaka 1992 zilizokwisha kuuzwa, msome na maoni ya chini yake, maana pale wajuzi hueleza kwa nini hili lilipanda na lile likakwama. Linganisheni na viwango vya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani, ambavyo huyapanga magari katika hali nne. La kwanza ni la maonyesho, la nne lina kasoro zinazoonekana. Kwa dari na bampa ulivyoeleza, msijidanganye kwamba lenu ni la kwanza. Kwa maoni yangu, bei ya haki itakuwa zaidi ya mara mbili ya aliyotaja yule bwana wa dakika kumi, na mbali sana chini ya ile ya jirani.

Mimi ningelipeleka mnadani. Mnunuzi wa faragha atakuja mmoja mmoja na kila mmoja atawachosha, lakini mnadani wanakutana wote wiki moja na kutazamana. Wekeni kiwango cha chini ambacho hamtauza chini yake, cha busara, si cha majivuno. Piga picha 150, sijatia chumvi, zikiwemo za ule mkwaruzo na kile kipande cha bampa mkononi mwako. Kasoro uliyoionyesha mwenyewe inapunguza bei kidogo; aliyoigundua mnunuzi inapunguza imani yote. Na siku saba za mnada ujibu kila swali, hata la kipuuzi.

Mpangani (mleta uzi)

Nawashukuru mno. Nimekwenda na tochi: herufi ya nane ni Y, kwa hiyo Chuma Chakavu alikuwa sahihi kuhusu injini. Matairi yanasoma 1408 yote manne, na nilishtuka kidogo maana ni mfano uleule aliouandika Fundi. Nimenusa tenki, ni vanishi kabisa. Ufunguo wa vifuniko vya magurudumu umepatikana ndani ya kopo la nyuzi la mama mkwe, juu ya rafu ya banda, pamoja na sindano na vifungo.

Karatasi ya dirishani ipo, imekunjwa mara mbili ndani ya bahasha ya kitabu cha mwongozo. Stika za oili nimehesabu 11 kwenye ukingo wa mlango, moja juu ya nyingine, ya juu kabisa ikiwa na mwandiko wa mzee mwenyewe.

Tatizo limezuka kwingine. Mke wangu yuko tayari kuliuza gari, ila daftari hataki kuliachia. Anasema gari lilikuwa la mama, lakini daftari ni la baba.

Mhasibu Mtulivu

Poleni. Naingilia upande wa karatasi za serikali, nikitanguliza kwamba mimi ni mhasibu, si wakili. Mali iliyorithiwa huhesabiwa kodi kwa thamani yake ya siku ya kifo, si kwa bei aliyonunulia marehemu, kwa hiyo mkiliuza kwa bei iliyo karibu na hiyo, faida ya kutozwa kodi ni ndogo au haipo kabisa. Pateni tathmini ya maandishi sasa, kabla ya mnada. Kodi ya urithi ya jimbo la Ohio ilifutwa kwa vifo vya kuanzia Januari 2013, hiyo isiwasumbue.

Lililo zito zaidi ni jina lililo kwenye hati. Je, bado ni la mzee? Kama alimwandikisha binti yake kuwa mpokeaji baada ya kifo, mkeo aende na cheti cha kifo na kitambulisho kwenye ofisi ya hati za magari ya karani wa mahakama wa kaunti, na hati mpya itatoka kwa jina lake. Kama hakumwandikisha, itabidi kupitia mahakama ya mirathi. Msije mkatia saini hati ya marehemu na kumkabidhi mnunuzi, hata kama mnunuzi mwenyewe ndiye anayewashauri hivyo.

Mlinzi wa Lango

Naongezea la kulinda fedha zenu, kwa sababu gari lenye sifa huvuta na wasio na nia njema. Atakayewaandikia kwamba ameridhika bila kuliona, kwamba atatuma hundi ya benki iliyozidi bei, na kwamba mrudishe kilichozidi kwa msafirishaji wake, huyo msimjibu hata salamu. Hundi ya bandia huonekana imeingia, kisha benki huirudisha baada ya siku kadhaa, na mtakuwa mmebaki na deni. Fedha iingie kwa uhamisho wa benki, benki yenu ithibitishe kwa mdomo wa mtu, ndipo hati ibadilishe mkono.

Bahati nzuri Ohio inataka saini ya muuzaji kwenye hati ishuhudiwe na mthibitishaji wa saini anayetambuliwa na serikali (notari), na benki nyingi zinaye. Fanyeni yote mezani pake kwa mkupuo mmoja. Mkimaliza, ng'oeni namba za gari, kwa kuwa Ohio namba hubaki kwa muuzaji, haziondoki na gari.

Msomali wa Malmö

Mimi nililelewa Mombasa na sasa niko Uswidi, na nashangaa hamjatutaja. Huku kuna watu wanaitwa raggare, wanaoyapenda magari makubwa ya Kimarekani kwa mapenzi yasiyoelezeka, na mwezi wa saba barabara za vijijini zinajaa Cadillac na Chevrolet zinazotembea polepole kama maandamano ya maulidi. Ujerumani nako gari likitimiza miaka 30 likiwa katika hali ya asili linaweza kupewa namba maalumu za magari ya kihistoria zenye herufi H mwishoni. Kwa hiyo mnada wenu usifungiwe kwa wakazi wa Marekani tu. Mnunuzi wa ng'ambo akishinda, forodha ya Marekani inataka hati ya gari iwasilishwe saa 72 kabla ya meli kuondoka, lakini hiyo ni kazi ya wakala wake, si yenu.

Fundi wa Boneti

Mpangani, kuhusu daftari, nitasema kama fundi: bila daftari hilo, gari lenu ni la bluu tu. Lakini silazimishi, maana hata mimi ninayo spana ya babu yangu ambayo haijafungua nati tangu afariki.

Mama Wawili

Mwambie mkeo kwamba mtatangaza mnada kwa picha za kurasa zote, mkiandika wazi tangu mwanzo kwamba daftari la asili linabaki kwa familia na kwamba mnunuzi atapewa nakala kamili iliyojalidiwa. Wapo watakaonung'unika. Karatasi ya dirishani na stika 11 zitawajibu.

Mpangani (mleta uzi)

Narudi kuwapa mrejesho baada ya wiki tano. Hati imetoka kwa jina la mke wangu. Mzee alikuwa amemwandikisha kama alivyodokeza Mhasibu, na kazi nzima ilichukua chini ya saa moja. Tathmini ya maandishi tunayo. Fundi wa hapa amemwaga petroli, amebadilisha mafuta ya breki, mipira miwili ya breki na matairi yote manne, tumechagua yenye mstari mweupe ubavuni kama ya awali. Alipofungua injini alikuta gia ya taimingi imeshapoteza meno mawili ya nailoni, akatutolea vipande kwenye sampu na kutupa ndani ya mfuko mdogo, na mfuko huo nao tumeupiga picha pamoja na risiti. Dari limerudishiwa kitambaa. Seti ya plastiki za bampa imo kwenye buti, ndani ya boksi. Yule bwana wa dakika kumi alipiga simu tena na kufika dola 8,000, nikamwambia atatukuta mnadani.

Kiwango cha chini tumekiweka kwa kutazama mauzo sita yaliyokwisha, tukachukua bei ya katikati na kuishusha kidogo kwa sababu ya kiyoyozi na bampa. Mnada unafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi iliyopita mke wangu aliomba aliendeshe mara moja kabla ya picha za mwisho. Tulikwenda mpaka makaburini kwa wazazi wake na kurudi, kwa mwendo wa taratibu, madirisha yakiwa wazi kwa kuwa ubaridi haupo, kisha tukapita kituo cha mafuta akaweka galoni sita. Alirudi kwenye kiti, akalitoa daftari, akaandika chini ya mstari wa mwisho wa mzee: tarehe, maili, galoni, bei. Kwa hiyo imebidi nirekebishe tangazo zima na kupiga picha ya mita upya, kwa sababu sasa inasoma 18,431.